Kizazi Kilichopimwa kwa Penseli

Sisi tuliozaliwa Unyamwezi katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza tulikuwa watu wa kupimwa tangu utotoni. Tulipimwa kimo na uzito; tulibonyezwa ubavuni na waganga wa serikali waliotafuta bandama lililovimba kwa malaria; kisha tukafika kwenye mtihani wa darasa la nne, uliowarudisha nyumbani wenzetu wengi mno, na wachache waliosalia wakangojewa tena na ule wa darasa la nane. Kila kipimo kilikuwa na chombo chake. Chombo cha kupimia akili kilikuwa penseli na karatasi, na hapakuwa na kingine. Aliyejua kuvitumia alihesabiwa kuwa na akili. Asiyejua alirudi kuchunga na kulima, na katika hesabu za serikali akaingia upande wa wajinga, akakaa huko maisha yake yote. Ninaandika haya nikiwa Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, kwa niaba ya rika langu, na ninawaandikia ninyi wajukuu zetu mliosoma kutushinda. Vyombo vya kupimia akili ya mwanadamu vimebadilika tukiwa hai na kuona. Leo kuna saa ya mkononi inayohesabu usingizi, kuna simu inayomuuliza mzee maswali na kutoa alama, kuna mashine inayoonyesha ubongo wa mtu aliye hai bila kisu kumgusa. Ninyi ndio mtakaovishika vyombo hivyo, na ni haki yenu mjue vile vilivyotangulia vilitutendea nini.

Mahali penyewe pana sehemu yake katika habari hii. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, nchi yetu ilikuwa njia panda ya misafara. Waliotoka Bagamoyo walipumzika Unyanyembe, kisha wengine wakashika njia ya Ujiji na wengine ile ya Karagwe hadi Buganda, na waliobeba mizigo kwenda na kurudi walikuwa kwa sehemu kubwa babu zetu. Mpagazi alijitwisha zaidi ya kilo 30 kwa safari ya miezi mitatu hivi. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, na kirangozi hakuwa na ramani. Kichwani mwake mlikuwamo visima na majira ya kukauka kwake, mito na majira ya kujaa kwake, watemi na kiasi cha hongo ambacho kila mmoja alidai, vijiji vyenye chakula na vile vilivyokwisha kukimbiwa na wenyewe. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, wakiongozwa na watu wa namna hiyo. Burton alikuwa na vyombo vya kupimia nyota na mwinuko wa nchi, na katika kujifunza lugha alikuwa hodari kweli. Hata hivyo kitabu alichokichapisha mwaka 1860 kiliwahukumu watu wa Afrika Mashariki kuwa jamii ya kitoto isiyofikia utu uzima. Alikuwa amevuka nchi ambayo asingeivuka bila kumbukumbu za watu hao, na alipokaa kuandika juu ya akili zao hakuona haja ya kulitaja hilo.

Miaka sabini na kitu baadaye hukumu ile ilitafutiwa mashine. Katika maabara ya serikali mjini Nairobi, F. W. Vint alipima uzito wa bongo za Waafrika waliofariki, akazikata vipande vyembamba, akavitazama kwa hadubini, na mwaka 1934 akachapisha matokeo yaliyodai kwamba ubongo wa mwenyeji wa Kenya ni pungufu ukilinganishwa na wa Mzungu. Mwaka 1953 J. C. Carothers, daktari aliyekuwa amesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, aliandika kitabu kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani, na humo akamfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyepasuliwa akaharibiwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka huo wengi wa rika langu tulikuwa tukijifunza kutembea au kuchunga mbuzi. Nawaomba msipite hapa haraka. Mizani ya Vint ilikuwa mizani ya kweli, na hadubini yake ilikuwa hadubini ya kweli, tena ya kisasa kwa wakati wake. Kilichooza kilikuwa swali, na swali hilo liliulizwa katika nchi ambamo walowezi walihitaji jibu la aina moja ili waendelee kukaa juu ya ardhi ya watu. Ndiyo maana hadi leo, nikisikia redioni kwamba mashine mpya imegundua jambo kuhusu akili ya mwanadamu, hutaka kwanza kujua ni nani aliyeiuliza mashine hiyo, na aliiuliza juu ya nani.

Uhuru ulipokuja, mzigo wa kutoa watu gizani uliwekwa mabegani mwa vijana wa rika letu, nasi tuliubeba. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba kati ya watu wazima 100 wa nchi hii, 67 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kufikia 1975 wasiojua walikuwa 39 katika kila 100, na kufikia 1986 walikuwa chini ya 10. Ninyi mnazisoma namba hizo kwa nukta moja ya jicho. Sisi tunaziona nyuso za watu. Tulifundisha jioni, watu wakitoka shambani na udongo ungali miguuni, kwa mwanga wa karabai, na mafuta ya taa yakiisha tulifundisha kwa mbalamwezi. Vitabu vyenyewe vilifundisha herufi kupitia kazi za watu: pamba, tumbaku, ndizi, uvuvi, ng'ombe. Redio nayo ilikuwa mwalimu. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 nchini kote waliketi katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakajadili, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Hiyo ndiyo teknolojia iliyotufikia sisi: sanduku moja la redio katikati ya watu ishirini, na baada ya kipindi kuzimwa, mazungumzo. Kijana wa leo ana sanduku lake peke yake masikioni. Silaumu, najaribu kueleza kwamba kwetu sisi chombo kilikuwa mwanzo wa kikao.

Katika madarasa yale ndipo nilipoona kwa macho yangu kwamba penseli ilikuwa ikipima kitu kimoja na kuacha kingine kikubwa zaidi. Alikuwapo mama wa rika la mama yangu, mkulima wa tumbaku, ambaye vidole vyake viligoma kabisa kuviringisha herufi. Aliishika penseli kwa ngumi nzima, karatasi ikatoboka. Lakini siku ya ununuzi mama huyo alisimama kituoni tangu asubuhi, akasikiliza marobota ya majirani zake yakitajwa uzito na daraja na bei, na jioni, akiwa amekaa katika darasa letu la kisomo, aliyarudia yote: la fulani lilikuwa kilo kadhaa, likawekwa daraja la chini lakini mwenyewe alibisha, likapandishwa, la fulani lilirudishwa kwa sababu lilikuwa bichi. Nilikuwa nayo karatasi ya karani. Nililinganisha mstari kwa mstari, na mama hakuachana na karani popote. Mwisho wa mwaka alifanya mtihani wa kisomo, akapewa alama ya chini kabisa. Mimi mwenyewe ndiye niliyeijaza ile fomu, kwa kuwa fomu haikuwa na nafasi ya kuandikia yale mengine.

Miaka hiyohiyo, upande wa pili wa bara hili, walikuwapo watu waliokuwa wakilitazama jambo lilelile kwa njia ya kitaalamu. Nchini Liberia, John Gay na Michael Cole waliwapa wakulima wa Kikpelle bakuli za mchele wazikadirie zina vikombe vingapi, na wakulima hao ambao hawakusoma walikaribia jibu kuliko Wamarekani watu wazima waliosoma. Tena katika utafiti uliofuata, mwenzao Joseph Glick aliwapa watu vitu mbalimbali wavipange kwa makundi. Wakpelle wakaweka kisu pamoja na chungwa, jembe pamoja na kiazi, wakisema hivyo ndivyo mtu mwenye busara angepanga. Watafiti walingoja wee, wakitaka vyakula viwe upande mmoja na zana upande mwingine, kama vitabu vyao vilivyoagiza. Mwishowe wakauliza: na mjinga je, angepangaje? Hapo watu wakavipanga barabara, vyakula huku na zana kule. Nimesimulia kisa hicho kwa vijana mara nyingi, na kila mara hucheka, lakini ni jambo zito. Uwezo wa kupanga kwa namna ya shule ulikuwapo siku zote. Ila hakuna aliyeona kuwa ndiyo akili. Mwaka 1981 Sylvia Scribner na Cole huyohuyo walitoa kitabu juu ya Wavai, watu wengine wa Liberia, wenye maandishi yao wenyewe wanayofundishana bila shule. Walikuta kwamba kujua kusoma peke yake hakumbadilishi mtu namna yake yote ya kufikiri. Shule ndiyo inayompa mtu ufundi wa kujibu na kueleza kwa jinsi ya shule. Laiti kitabu hicho kingepita mikononi mwetu sisi walimu wa kisomo. Huko Zambia, Robert Serpell alichapisha mwaka 1979 jambo ambalo mjukuu yeyote wa Uyui aliyewahi kusokota kigari cha waya atalielewa mara moja: akiwapa watoto penseli wanakili umbo, wa Uingereza waliwashinda wa Zambia, akiwapa waya, wa Zambia waliwashinda wa Uingereza. Na pale Bagamoyo, mwisho wa njia yetu ya misafara, Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto wa shule, wakawafundisha kidogo namna ya kufanya kazi zile za kipimo, wakawapima tena, na alama zikapanda. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2002. Kipimo cha kwanza kilikuwa kimepima ugeni wa mtoto mbele ya kipimo.

Sasa nije kwenye vyombo vya siku hizi, na nianze na kile kinachotuhusu sisi wazee moja kwa moja. Katika Wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, madaktari wa Kitanzania pamoja na wenzao kutoka Newcastle nchini Uingereza walikwenda nyumba kwa nyumba kuwatafuta wazee waliopatwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Matokeo yao ya mwaka 2013 yalisema kwamba kati ya watu wa miaka 70 na zaidi, zaidi kidogo ya 6 katika kila 100 walikuwa nao. Tatizo lililowakabili ndilo lilelile la penseli. Vipimo vilivyotoka ng'ambo vilimtaka mzee achore maumbo, aandike sentensi, atoe hesabu, na bibi asiyewahi kushika kalamu alionekana mgonjwa wakati akili yake ni timamu. Wakatengeneza kipimo kingine, wao pamoja na watafiti wa Nigeria. Humo mzee hachori. Anapewa njiti za kiberiti, anaonyeshwa umbo, naye analipanga kwa njiti. Anaulizwa daraja ni nini. Anaulizwa leo siku gani, na kiongozi wa mahali pale anaitwa nani. Anataja majina ya wanyama kadiri awezavyo kwa dakika moja. Anasomewa maneno kumi, baadaye anaombwa ayakumbuke. Kisha kipimo hicho kikawekwa kwenye simu, na mwaka 2021 yakachapishwa matokeo ya vijijini huko Kilimanjaro kuonyesha kwamba hata mhudumu asiye daktari anaweza kukitumia.

Mnaweza kudhani njiti za kiberiti ni jambo dogo. Kwetu huku si dogo hata kidogo. Katika mikoa yetu ya Tabora, Shinyanga na Mwanza tumezika akina mama wazee waliouawa kwa tuhuma za uchawi, macho yao yakiwa mekundu kwa moshi wa kuni waliopikia watoto wao miaka yote. Wapo miongoni mwao, sina shaka moyoni, waliokuwa wameanza kupotewa na kumbukumbu: mama anatoka usiku, anazungumza na waliokwisha kufa, anaingia nyumba isiyo yake akidhani ni ya mumewe. Jirani hakuwa na jina la ugonjwa huo, akaupa jina alilokuwa nalo. Simu yenye kipimo kilichotungwa kwa ajili ya mtu asiyesoma, ikiwa mkononi mwa mhudumu wa afya wa kijiji anayeaminika, ingeweza kuipa familia jina jingine la kumwitia mama yao. Kama kuna kazi moja ya vyombo hivi ningeiombea pesa ya serikali kesho asubuhi, ni hiyo.

Kazi nyingine imenipa fahari, nami sioni sababu ya kuificha. Kaskazini-mashariki yetu, kuzunguka Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe, watu wa kuwinda na kuchimba mizizi. Watafiti, akiwamo Profesa Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliwavisha watu wazima 33 vifaa vya mkononi vinavyonukuu kila mtikisiko, wakavaa kwa siku 20, usiku na mchana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Katika muda wote huo, dakika ambazo watu wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Siku zote alikuwapo mtu aliye macho, na kilicholeta tofauti hizo za saa za kulala, kwa sehemu kubwa, ni umri: mzee hulala mapema na kuamka mapema, kijana huchelewa. Wataalamu hao wakasema huenda usingizi mwepesi wa uzeeni ni urithi wa tangu zamani, kwamba babu na bibi walikuwa walinzi wa kambi wakati wenye nguvu wamelala. Kwa miaka mingi usingizi wetu umeitwa maradhi, tukapewa vidonge. Sisemi vidonge vyote ni bure. Nasema chombo kidogo kisichozidi saa ya mkononi, kilipopelekwa mahali ambapo watu wangali wanalala pamoja kuzunguka moto, kiliona jambo ambalo maabara yenye vitanda vya mtu mmoja mmoja isingeliona.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya vyombo vya zamani na vya sasa. Zamani mtu alipelekwa kwenye chombo. Siku hizi chombo kinaweza kumfuata mtu alipo. Huko Gambia, katika kijiji cha Keneba, watoto wachanga wamevishwa kofia laini zenye taa ndogo zinazosoma mtiririko wa damu ubongoni, mama akiwa amempakata mwanawe. Mashine kubwa za sumaku, ambazo zinataka umeme usiokatika na chumba maalumu, bado ziko mijini, na kwa sababu hiyo bado zinaona vichwa vya watu wa mijini, tena wa nchi tajiri. Hesabu moja ya mwaka 2008 iliyopitia majarida makubwa ya saikolojia ilionyesha kwamba watu 96 kati ya kila 100 waliofanyiwa utafiti walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda ambazo zina watu 12 tu katika kila 100 wa dunia. Kinachoitwa akili ya mwanadamu katika vitabu mnavyosoma chuoni ni kwa kiasi kikubwa akili ya mwanafunzi wa Marekani aliyepita karibu na ofisi ya mwalimu wake.

Mfano wa mashine hizo unaoniuma ni wa London. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walichapisha picha za ubongo wa madereva wa teksi wa mji huo, ambao kabla ya kupewa leseni hulazimika kukariri maelfu ya mitaa kwa miaka. Sehemu ya ubongo inayohusika na kukumbuka mahali na njia ilikutwa imekua upande wa nyuma kuliko ya watu wengine, na kadiri dereva alivyokaa kazini ndivyo ilivyozidi. Ilikuwa habari kubwa ulimwenguni kwamba mtu mzima anaweza kuukuza ubongo wake kwa kukariri njia. Niliposoma nilimkumbuka kirangozi. Njia yake haikuwa ya mitaa iliyoandikwa majina. Ilikuwa ya miezi mitatu katika miombo na mbuga na mito inayohama. Hakuna mashine iliyowahi kukiona kichwa chake, na hakuna itakayokiona, maana wa mwisho wao walikwisha kuzikwa kabla ya baba zetu kuoa. Burton alikutana naye uso kwa uso, akiwa na kalamu mkononi.

Katika watu wa namna yake wamebaki warina asali. Huku kwetu mtu anaweza kuwa na mizinga ya magome na ya magogo iliyotundikwa katika pori la mwendo wa siku nyingi kwa miguu, kwenye mininga na mitundu ambayo kwa macho ya mgeni yote ni miti ya aina moja. Anaijua kila mmoja uliko, alama yake ya ukoo, mwaka uliotundikwa, ule uliohamwa na nyuki na ule uliowahi kuvamiwa na nyegere. Huondoka kambini porini usiku na kuufikia mzinga gizani. Wahadzabe walipovaa vifaa vya GPS, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba nyayo zao porini zina mpangilio unaoweza kuandikwa kwa hesabu. Nyayo za mrina wa Uyui bado hazijaandikwa. Na sasa vijana wanaotundika mizinga ya kisasa huiweka karibu na barabara, jambo jema kwa mapato na kwa usalama wao, nami nimewahimiza wafanye hivyo. Lakini pamoja na mzinga wa mbali huondoka kichwa kilichojua kuufikia.

Kuhusu ninyi wenyewe na simu zenu nitasema machache, kwa kuwa wengine wameshawasema kupita kiasi. Mwaka 2017 hadi 2019, katika vijiji karibu 170 vya Mkoa wa Tanga, watoto wapatao 2,700 waligawiwa vishikwambi vyenye programu za kujifunza kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili, katika shindano la kimataifa lililosimamiwa na XPRIZE pamoja na Serikali yetu, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Wengi wao hawakuwa wamewahi kwenda shule, na zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Mimi niliyefundisha kwa karabai sikuona wivu. Niliona kwamba mtoto akiwekewa mbele yake chombo kinachosema lugha yake, chenye picha za nyumba kama ya kwao, anakwenda. Na ndicho ninachokisisitiza kwenu mnaosomea kompyuta. Programu hizi mpya za akili mnemba, ambazo sasa zinasikiliza sauti ya mtu na kukisia kama kumbukumbu yake inadhoofu, zimelelewa kwa Kiingereza. Kiswahili zinakijua kwa kiasi. Kinyamwezi, karibu hazikijui. Mzee wa Isikizya akipimwa kwa Kiswahili akatafuta neno, akasita, mashine itaandika kwamba ubongo umesita. Kumbe alikuwa akivuka kutoka lugha ya mama yake kuja lugha ya ofisi, kazi ambayo Mwingereza anayepimwa kwa Kiingereza hatwishwi.

Kwa hiyo nina maombi, na kwa umri wangu nadhani nina haki ya kuyatoa kama maagizo. Mkiwa na nafasi ya kufanya utafiti wa akili, na wengine wenu mtaipata, swali litungwe huku kabla chombo hakijafungashwa kuja huku. Kaeni kwanza na watu mnaotaka kuwapima mjue wao wenyewe humwita nani mwenye akili, na kwa sababu zipi. Mkimpima mzee mpeni majibu yake, mmweleze mbele ya watoto wake, kwa maana rika letu lilitolewa damu na mkojo na alama za mtihani bila kuambiwa vilikwenda wapi. Nakala ya mtakachorekodi ibaki wilayani, mahali mjukuu wa mtu huyo anapoweza kuifikia bila kuomba kibali nchi ya ng'ambo. Na warina asali watangulie, kwa kuwa waliobaki ni wazee kuliko mimi. Masika yakiisha na njia za porini zikikauka huwa wako tayari kutembea, na nimeshazungumza na baadhi yao. Hawana kinyongo na kuvaa saa au kubeba kifaa cha GPS, mradi waambiwe kinafanya nini. Njooni na kijana anayekijua Kinyamwezi vizuri. Mzee akifika kwenye njia panda za porini huzitaja kwa Kinyamwezi, kila moja kwa jina lake, na majina hayo hayamo katika ramani yoyote niliyowahi kuonyeshwa.